Karo ya Mama Anayelea Peke Yake: Hesabu Isimsahau Mtoto

  

Tumepokea barua kutoka kwa ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani, ambaye sasa anaishi Donholm, Nairobi. Anatuambia kwamba dada yake mdogo ameachwa na mumewe yapata miaka miwili sasa, naye ana watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mwengine wa miaka mitatu. Wanaishi watatu katika chumba kimoja na sebule, mtaani humo humo. Dada huyo anafundisha watoto wa chekechea kwa cheti alichokipata kabla ya kuolewa, na mshahara wake hauvuki tarehe kumi na tano. Sasa amepata nafasi ya kusoma shahada ya ualimu, lakini kwa kujilipia mwenyewe. Ndugu yetu anauliza mambo mawili. La kwanza, je, yafaa ampe dada yake zaka ya mali yake ili asome? La pili, wazee wa ukoo wamemwambia kwamba fedha hizo ni za kupoteza, na kwamba dawa ya dada yake ni kuolewa tena. Afuate lipi?

Tumeiona barua hii kuwa si ya mtu mmoja. Donholm na mitaa inayoizunguka, Umoja, Buruburu, Tena, Savannah na Tassia, imejaa familia zetu zilizohama Mombasa, Lamu, Malindi na Kwale kwa ajili ya kazi na biashara. Kwa hivyo tutalijibu swali hili kwa urefu, na tutapita kidogo pale alipoishia muulizaji, kwa sababu tunaona kuna hesabu ambayo yeye hakuiandika na ambayo ndiyo inayowaangusha wanawake wengi.

Haki kabla ya sadaka

Kabla hatujafungua mlango wa zaka, tuulize kwanza: baba wa watoto hawa yuko wapi? Wengi wetu tunapomwona mama anayelea peke yake hukimbilia kumtafutia wafadhili, na kumbe fedha za mwanzo anazostahiki si msaada wa mtu yeyote. Ni haki. Qur'ani Tukufu katika Surat Al-Baqara, aya ya 233, na katika Surat At-Talaq, aya ya 6 na ya 7, imeweka wazi kwamba matumizi ya mtoto ni juu ya baba, kila mmoja kwa kadiri ya wasaa wake, na kwamba mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Talaka huvunja ndoa, haivunji ubaba.

Tena kuna haki ambayo dada zetu wengi hawaijui kabisa. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i wameeleza kwamba mama aliyeachwa anayo haki ya kudai ujira wa malezi, ambao kwa Kiarabu huitwa ujira wa hadhana. Ujira huo hutoka katika mali ya mtoto kama anayo, na kama hana, basi hutoka kwa yule ambaye matumizi ya mtoto ni wajibu juu yake. Zaidi ya hayo iko mut'a, yaani kile anachopewa mwanamke aliyetalikiwa ili kumliwaza, na iko mahari ambayo bado haijalipwa. Ni wanawake wangapi Nairobi waliotoka katika nyumba zao na sanduku la nguo tu, na deni la mahari likabaki kama hadithi?

Sheria ya nchi nayo haimwachi baba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, imesema kwamba kila mtoto ana haki ya malezi na ulinzi wa wazazi wake, na kwamba wajibu huo ni sawa baina ya mama na baba, wawe wameoana au la. Kifungu cha 170 cha Katiba hiyo hiyo ndicho kinachozisimamisha Mahakama za Kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, hadhi ya mtu na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa humo. Na kwa matumizi ya watoto iko pia Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022.

Kwa hivyo ushauri wetu wa kwanza kwa ndugu huyu si wa fedha. Amsindikize dada yake kwa Kadhi. Asimwache aende peke yake na mtoto mgongoni, akakae kwenye benchi akimngojea mtu asiyekuja. Mwanamke aliyefuatana na kaka yake husikizwa kwa namna nyengine, hata kama haikupasa iwe hivyo. Shilingi elfu chache za kila mwezi zikithibitishwa kwa amri ya mahakama, huenda zikawa ndizo zitakazolipa kituo cha kulelea mtoto wakati mama yuko darasani.

"Aolewe tu"

Tukija kwa wazee wa ukoo, tunawaheshimu na tunajua kwamba wanasema kwa mapenzi. Ndoa ni sunna, na kumtafutia mjane au mtalaka mume mwema ni jambo la kheri. Lakini kuna mambo mawili ambayo yafaa wayakumbuke.

La kwanza, katika fiqhi ya Shafi'i, mama anapoolewa na mwanamume asiye na ukaribu wa damu na mtoto, haki yake ya kutangulizwa katika ulezi huweza kumtoka. Mzee anayesema "aolewe tu apate wa kumlisha" huenda bila ya kujua anamwambia mwanamke achague baina ya chakula na watoto wake. Mwanamke akiolewa aolewe kwa hiari na kwa kupenda, asiolewe kwa sababu ya kodi ya nyumba.

La pili, yule mume wa kwanza naye aliolewa kwa matumaini hayo hayo. Mwanamke mwenye elimu na kazi haikimbii ndoa. Huingia ndoani akiwa na miguu miwili, na jambo likiharibika hatoki akiwa ombaomba. Wazee wanaohofia binti zao wasidhalilike, basi ulinzi mkubwa wanaoweza kumpa binti ni kazi ya halali yenye heshima.

Na tusijifanye hatujui kinachoendelea mjini. Mwanamke kijana mwenye watoto na karo ya kulipwa akizikosa fedha za halali, hatakosa wa kumpa fedha za aina nyengine. Mjini wanamwita "sponsa", mtu mwenye gari na umri wa babake, anayelipa muhula mmoja na kudai malipo yake usiku. Jamii iliyofunga mkono wake haina uso wa kumlaumu binti huyo peke yake.

Jawabu la zaka

Sasa tulijibu swali lenyewe. Ndiyo, yafaa kaka kumpa dada yake zaka ikiwa dada huyo ni fakiri au maskini, kwa sababu katika madhehebu ya Shafi'i matumizi ya ndugu si wajibu wa lazima juu ya ndugu. Matumizi ya lazima ni ya wazazi kwenda juu na ya watoto kwenda chini. Kwa hivyo baba aliye na uwezo hawezi kumhesabia binti yake zaka badala ya matumizi aliyowajibika nayo, lakini kaka, mjomba, shangazi na binamu wanaweza. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba sadaka kwa mtu wa nje ni sadaka moja, na kwa jamaa ni mbili ndani ya moja: sadaka na kuunga kizazi.

Wengine watauliza: je, masomo ya chuo ni jambo la kutolewa zaka? Tuitazame aya ya 60 ya Surat At-Tawba, ambayo imewataja watu wanane wanaostahiki. Mwanafunzi hakutajwa kwa jina la uanafunzi. Lakini fakiri na maskini wametangulia mwanzo wa orodha, na mama huyu ameingia kwa ufakiri wake, si kwa kalamu yake. Hilo peke yake linatosha kumstahikisha. Hakuna aliyeweka sharti kwamba maskini akishapewa haki yake aitumie kwa unga na mafuta tu.

Imam Nawawi, ambaye kitabu chake Minhaj kimesomwa katika darsa za pwani yetu kizazi baada ya kizazi, ameeleza jambo ambalo tunawaomba wenye mali walizingatie sana. Amesema kwamba fakiri mwenye ufundi hupewa kiasi cha kununulia vyombo vya ufundi wake, na mfanyabiashara hupewa mtaji wa biashara yake, ili wote wawili watoke katika uhitaji na wasirudi. Seremala alipewa msumeno na randa. Leo, mwalimu wa Nairobi chombo chake cha kazi ni nini? Ni shahada. Muuguzi chombo chake ni nini? Ni cheti na leseni. Kumpa mwanamke huyu kilo mbili za mchele kila Ramadhani kwa miaka ishirini ni kumtunza ndani ya umaskini. Kumpa chombo cha kazi kwa miaka minne ni kumtoa, na huenda miaka michache baadaye yeye mwenyewe akawa mtoaji zaka.

Na elimu ya shule isidharauliwe kuwa ni ya kidunia. Imam Ghazali katika Ihya ameihesabu elimu ya tiba na ya hesabu kuwa ni faradhi ya kutoshelezana, yaani mji mzima ukikosa mtu wa kuijua, wote wamepata dhambi. Nasi tunaotaka binti zetu wafundishwe na walimu wa kike, na wake zetu wazalishwe na wakunga wa kike, tunataraji walimu na wakunga hao wateremke kutoka mbinguni?

Jambo la mwisho katika mlango huu. Zaka haina kipimo cha historia ya mtu. Mjane, mtalaka, aliyetelekezwa bila ya talaka, na hata yule aliyeteleza akazaa nje ya ndoa kisha akarudi kwa Mola wake, wote ni sawa mbele ya haki ya fakiri. Mwenye kutoa zaka hakupewa kazi ya ukadhi.

Milango ya serikali na swali la riba

Kwa upande wa serikali, mlango unaojulikana zaidi ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mwaka 2023 serikali ilileta mfumo mpya ambapo mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma huombewa fungu la aina mbili: ufadhili usiolipwa na mkopo unaolipwa, kisha familia huongeza sehemu yake kwa kadiri ya uwezo uliopimwa. Mfumo huo umefikishwa mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliubatilisha, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo kwa muda. Mama anayejaza fomu asome kwa makini mstari kwa mstari, maana ufadhili na mkopo ni vitu viwili, na hukumu zake katika dini yetu si moja.

Ufadhili usiolipwa hauna shaka yoyote. Auombe bila ya kusita. Mkopo wa HELB kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza una nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayechelewa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Nyongeza iliyoshurutishwa juu ya deni ni riba, iwe asilimia nne au arobaini, na hatuwezi kuipamba kwa jina jengine. Vivyo hivyo mikopo ya simu, na vile vikundi vya kina mama ambapo fedha za chama hukopeshwa kwa faida ya kila mwezi. Mwanamke anayelea peke yake ndiye anayeandamwa zaidi na mikopo hii, kwa sababu hutolewa kwa dakika mbili na haiulizi maswali.

Lakini tuwe waadilifu. Kumwambia dada "hiyo haramu" kisha tukarudi nyumbani kwetu kula, na yeye hatukumwonyesha mlango wa halali, huko ni kumwacha njiani usiku. Aliyefikwa na dhiki ya kweli akamwone mwanachuoni amweleze hali yake, apate jawabu linalomhusu yeye. Sisi wengine kazi yetu ni kuhakikisha kwamba dhiki hiyo haimfiki.

Milango mengine isiyo na mkopo ipo. Mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, NG-CDF, hutoa basari kwa wanafunzi wa vyuo, na wakaazi wa Donholm wengi wako katika eneo bunge la Embakasi Mashariki. Mfuko wa NGAAF, ambao husimamiwa na mwakilishi wa kike wa kila kaunti, umewekwa hasa kwa wanawake, vijana, walemavu na wanyonge. Fomu zina muda wake, na chifu hutakiwa kuweka sahihi. Binti zetu wengi huzikosa si kwa kukataliwa bali kwa kuchelewa kusikia. Misikiti yetu hutangaza jeneza, harusi na viatu vilivyopotea. Ingefaa itangaze pia tarehe ya mwisho ya basari.

Hesabu iliyosahauliwa

Sasa tufike kwenye lile tuliloahidi. Ndugu yetu ametuandikia karo ya muhula kwa shilingi na senti. Hakutuandikia mtoto wa miaka mitatu atakaa wapi.

Tumewaona wanawake kadhaa walioanza vyuo kwa furaha na michango ya harambee, kisha wakaacha katika mwaka wa pili. Wanaowalaumu husema hawakuwa na nia. Tukiwauliza wenyewe, ni wachache wanaotaja masomo kuwa magumu. Wanataja homa ya mtoto siku ya mtihani. Wanataja jirani aliyekuwa akimwangalia mtoto akahama. Wanataja darasa la jioni mjini linalokwisha saa mbili, kisha foleni ya Barabara ya Jogoo, kisha kuteremka stendi usiku na kutembea hadi nyumbani, na huku mwenye kituo cha kulelea watoto amekwisha kupiga simu mara nne kwamba anafunga. Wanataja mshahara uliokatwa kwa sababu ya siku za mitihani, na mwenye nyumba asiyengoja matokeo.

Karo ililipwa, lakini mama hakuweza kusoma. Basari nyingi hulipwa moja kwa moja kwa chuo, na kwa uaminifu wa fedha huo ni utaratibu mzuri. Lakini maana yake ni kwamba hakuna hata shilingi inayofika pale ambapo masomo yenyewe huvunjika, nayo ni nyumbani. Mwanafunzi kijana asiye na mtoto akilipiwa karo, amesaidiwa. Mama akilipiwa karo peke yake, amepewa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kwa hivyo tunamwambia ndugu yetu: kabla hujatoa shilingi moja, kaa na dada yako, uchukue karatasi, na muandike mambo sita. Karo. Nauli ya kwenda na kurudi kwa siku za darasa. Malipo ya anayemlea mtoto, pamoja na saa za jioni. Pengo la mshahara kwa miezi ya mitihani na mazoezi ya kufundisha. Bando la intaneti na vitabu. Na la sita, akiba ya ugonjwa wa mtoto, kwa sababu mtoto ataugua. Jumla hiyo ndiyo karo yake ya kweli. Kama fedha zako hazitoshi kwa jumla hiyo, ni bora asome masomo machache kwa muhula na amalize kwa miaka sita, kuliko kuanza yote na kuanguka.

Hapa pia yafaa kuchagua chuo kwa hekima. Kenya sasa inacho Chuo Kikuu Huria, kilichopewa hati yake Agosti 2023 na chenye makao Konza, ambacho hufundisha kwa njia ya intaneti. Kwa mama ambaye somo lake linapatikana huko, saa mbili za kila siku zilizokuwa zikipotea ndani ya matatu hurudi kwa watoto. Vipo pia vyuo vinavyowafundisha walimu wakati wa likizo za shule.

Na kuna msaada usiohitaji fedha. Bibi anayekubali kuja kutoka Mombasa akae Donholm miezi mitatu ya mwisho wa mwaka wa masomo amelipa karo. Shangazi anayewachukua watoto kila Jumamosi amelipa karo. Jirani anayempikia chakula cha usiku siku mbili kwa juma amelipa karo. Wake zetu wanayajua haya kuliko sisi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na waliolea ndio wanaoweza kumpunguzia anayelea.

Mfuko wa mtaa

Kaka mmoja hawezi kuyabeba haya yote, wala haimpasi. Hebu tupige hesabu nyepesi. Familia kumi za darsa moja, kila moja ikiwa na mali ya shilingi 2,000,000 iliyotimiza nisabu na mwaka, kila moja inawajibika na zaka ya asilimia 2.5, yaani shilingi 50,000. Jumla ni shilingi 500,000 kwa mwaka. Zikigawanywa noti moja moja mlangoni katika usiku wa ishirini na saba, zitakwisha kabla ya Idi na hakuna atakayejua zilikokwenda. Zikikusanywa kwa mpango, wanawake wawili au watatu wanaweza kusoma pamoja na gharama za watoto wao.

Jambo hili si geni. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu yenye makao yake Jeddah, tangu mwaka 1983 imekuwa na mpango wa kusomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama, na Kenya ni mojawapo ya nchi hizo. Utaratibu wake ni kwamba mwanafunzi hupewa fedha kama qardhi hasan, mkopo mwema usio na nyongeza, na akihitimu huzirejesha kwenye mfuko wa jamii yake ili asomeshwe mwengine. Hapa pwani, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME, ilifunguliwa mwaka 1951 kwa michango iliyotoka kwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Bohora na serikali ya wakati huo. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Na mwaka huo huo wa 1951 ndipo ilipotungwa sheria ya makamishna wa wakfu. Wazee wetu waliacha mashamba na nyumba ziwe wakfu kwa misikiti na visima. Fleti moja ya Donholm ikiwekwa wakfu, kodi yake ya kila mwezi inaweza kumsomesha mama mmoja hadi Siku ya Kiyama, na akimaliza yeye, afuate mwengine.

Wenye kuanzisha mfuko kama huu tunawausia mambo manne. Zaka iwekwe mbali na sadaka na wakfu, maana zaka ni milki ya fakiri na haikopeshwi, na ile mikopo myema itoke katika sadaka. Ndani ya kamati wawemo wanawake, tena wawe wanawake wenye sauti, ili mama asilazimike kueleza siri za talaka yake mbele ya wanaume watano. Siri itunzwe: hakuna kupigwa picha na hundi wala kutajwa jina kwenye mimbari, kwa sababu Mola wetu ameonya katika Surat Al-Baqara, aya ya 264, kwamba masimango na maudhi huibatilisha sadaka. Na la nne, anayesaidiwa asiwekewe masharti ya kumpendeza mfadhili, si ya ndoa wala ya mengine, ila sharti la kusoma kwa bidii na kuleta matokeo yake.

Kwa ndugu yetu wa Donholm, basi, jawabu ni hili. Nenda naye kwa Kadhi. Mpe zaka yako na utie nia. Andikeni ile karatasi ya mambo sita. Wajibu wazee kwa upole, uwaambie kwamba ndoa ikija italeta kheri juu ya kheri, na haitakuwa badala ya shahada. Na umuulize mama yenu kama yuko tayari kupanda basi la Nairobi wakati wa mitihani.

Na kwako wewe dada yetu, ambaye kaka yako hakututajia jina lako na sisi hatukulitaka: Imam Shafi'i, ambaye madhehebu yake tunayafuata, alifiwa na baba angali mdogo. Mama yake alimchukua kutoka Gaza hadi Makka akiwa na umri wa miaka miwili, na hakuwa na cha kumlipa mwalimu. Mwalimu alikubali kumfundisha bila malipo, naye mtoto akawa anawasimamia wenzake mwalimu anapotoka. Mama mmoja aliyebaki peke yake na mwalimu mmoja aliyesamehe karo, na umma mzima ukafaidika. Usione haya kuomba, nasi tusione uzito kutoa.

Ewe Mola wetu, warahisishie mama wanaolea peke yao, wape riziki ya halali na elimu yenye manufaa, walinde watoto wao, na uzilainishe nyoyo za wenye mali.